Tunapompa tomati, tunalisha bilariziozi kwenye mufereji

Haya ni maneno niliyosema hapa Bukavu mbele ya koperative za wakulima na ba mama wanaouza mboga. Wengi wa bondeni hawakufika ju ya barabara, wakaniomba niyaandike yote, basi njo haya.

Jambo yenu ba mama. Jambo yenu ba papa, na ninyi vijana muliosimama kule nyuma. Asanteni kwa kuacha shamba na soko siku nzima ju ya kuja kusikia habari ya konokono. Ndiyo, konokono. Najua kuna watu wamekuja wakifikiri tutaongea bei ya mbolea, tutaifikia na mbolea, lakini leo naanza na kanyama kadogo ambako kila mumoja wenu amekwisha kukakanyaga bila kukajua.

Hii chupa niko nayo mukononi naipatia ba mama wa mbele, muizungushe polepole, kila mutu aangalie ndani, lakini tafadhali asiifungue mutu hata mumoja. Ndani kuna maji ya mufereji, jani moja na konokono wachache. Angalieni vizuri gamba lao. Limelala bapa, halina ncha, na ukubwa haufiki hata ukucha wa kidole gumba. Geuzeni chupa muone chini ya jani, kuna ute mwepesi umeshika pale na vidoti vidoti ndani yake, yale ni mayai. Jina lake kwa wanasayansi ni Biomphalaria. Damu yake ni nyekundu, kitu ambacho konokono wengi hawana, sababu iko na emoglobini, kitu cha kubeba hewa kama kile cha damu yetu sisi watu, kwa hiyo hata maji yakioza, hewa ikapungua, yeye anaishi. Halafu hana matamvua ya samaki, anapumua kwa pafu, anapanda juu ya maji anavuta hewa anashuka. Na kuzaa? Hahitaji bibi wala bwana. Mumoja tu akibaki kwenye mufereji muzima, anajizalisha mwenyewe na mufereji unajaa tena.

Mushike hayo mambo matatu: anavumilia maji mabaya, anavuta hewa ya juu, anazaa peke yake. Nitayarudilia.

Sasa kwa nini nimekataza kufungua chupa? Ju huyu njo anabeba bilariziozi, ile ndugu zetu wa Tanzania wanaita kichocho. Muganga Mujerumani Theodor Bilharz aliona munyoo wake kule Cairo mwaka 1851, jina la ugonjwa limetoka kwake. Mutu mwenye minyoo akienda choo kando ya maji, mayai yanaingia majini, yanapasuka, kanatoka kadudu kanaogelea kanamutafuta huyu konokono na hakana siku mbili za kumutafuta, kakimukosa kanakufa. Kakimupata, kanaingia ndani, kanazaana mule kwa majuma kadhaa, na kutoka kwa kale kamoja vinatoka vingine maelfu. Maelfu, ndugu zangu. Vinatoka zaidi muchana jua likiwa kali, vinapita kwenye ngozi yako ya muguu kwa dakika chache, hausikii kitu. Baadaye tumbo linauma, damu kwenye choo, na miaka ikipita maini yanaharibika, tumbo linavimba. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 waliohitaji dawa ya kuzuia huu ugonjwa, na wengi mno ni wa Afrika, na huku kwetu uko, uko kando ya Kivu, uko bondeni Ruzizi, uko Uvira mupaka Fizi.

Niwaeleze kitu nilichoona chini ya Kamanyola. Mama mumoja, mutu wa kazi kabisa, amelima tomati mupaka ukingoni mwa mufereji, hakuacha hata hatua moja, na simulaumu, ardhi ni kidogo na watoto wanakula. Dawa alinunua kwenye ligablo, imemiminwa kwenye kachupa ka maji ya kunywa, etikete hakuna, jina hakuna, muuzaji amemuambia tu tia vizibo viwili kwa pompi. Yeye akaona tomati zimeharibika sana, akatia vinne. Akapompa. Upepo ukachukua ingine ikaanguka kwenye maji. Alipomaliza akashuka kwenye mufereji kuosha pompi, akaisukasuka vizuri, maji meupe yakatelemuka yanaenda. Ilikuwa saa sita muchana. Na mutoto wake wa kiume alikuwa hatua chache pale chini, maji yamefika magotini, anateka bidoni.

Nilibaki pale kitambo nikiangalia. Uduvi walianza kujirusharusha. Kaa mudogo akatoka chini ya jiwe, akatembea ovyo ovyo akageuka tumbo juu. Na konokono? Konokono walipanda tu juu kidogo kwenye majani, wakatulia.

Swali langu la leo ni hilo hilo: tunapopompa dawa, nani anakufa?

Dawa nyingi za wadudu tunazotumia zinapiga mishipa ya fahamu. Sipametrini, kloripirifosi, imidaklopridi, kila moja kwa njia yake inavuruga mishipa ya mududu mupaka anatetemeka na kufa. Sasa kaa ni ndugu wa mududu. Uduvi ni ndugu wa mududu. Watoto wa kereng'ende, wale wanaoishi chini ya maji kabla ya kuota mabawa, ni wadudu wenyewe kabisa. Wote hao dawa kidogo tu inawamaliza. Konokono si wa ukoo huo. Kipimo kinachoua uduvi wote wa mufereji, konokono wa bilariziozi anakioga na anaendelea kula.

Na hao wanaokufa ni nani kwake? Kaa anavunja gamba anakula konokono. Wadudu wengi wa maji wanakula konokono wadogo. Na wengine wale ambao hawamuli, wanagombania naye chakula, ule utelezi wa kijani kwenye mawe na kwenye majani. Kwa hiyo dawa imemuondolea adui na imemuondolea mushindani siku moja. Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Mufereji wetu paka tunamuua sisi wenyewe, na tunalipa feza kumuua.

Mutu asiseme hii ni hadisi ya mwalimu. Kenya magharibi, upande wa ziwa Victoria, watafiti walipima maji sehemu 48, wakaangalia dawa iliyomo na wanyama wanaoishi humo, matokeo yakatoka mwaka 2020. Walikuta konokono wanaobeba bilariziozi ni wavumilivu sana wa dawa za wadudu kuliko wanyama wengine wa maji, na penye dawa njo wanatawala. Kitu kilichonishtua zaidi ni kwamba hali hiyo ilianza hata kwenye kiwango kidogo cha dawa, kile ambacho wakubwa wa vipimo walikuwa wanahesabu hakina neno kwa maji. Kidogo tu! Na sisi tunatia vizibo vinne.

Tuingie kwenye dawa ya kuua majani na kwenye mbolea, niliahidi. Mutasema dawa ya majani haiui kaa, hiyo basi haina shida. Marekani, mutafiti anaitwa Jason Rohr na wenzake walichukua mapipa makubwa, wakatengeneza bwawa ndani ya kila pipa, na konokono, na wanyama wanaowala, halafu mapipa mengine wakatia atrazini, ambayo ni dawa ya kuua majani, mengine kloripirifosi, mengine mbolea, mengine mchanganyiko. Kloripirifosi iliua wale wanaokula konokono, tumekwisha kulielewa hilo. Atrazini ilifanya kitu kingine. Iliua mimea midogo sana inayoelea na kuchafua rangi ya maji, maji yakawa angavu, jua likafika chini, na chini kule utelezi wa kijani ukaota kwa nguvu. Utelezi njo bugari ya konokono. Mbolea nayo ikaongeza utelezi. Konokono wakaongezeka. Hiyo ilitoka mwaka 2018. Atrazini Ulaya walikwisha kuifunga tangu miaka ya 2003 na 2004, kloripirifosi wakaifunga mwaka 2020, lakini nendeni kwenye masoko yetu mutaniambia nini kinauzwa. Mimi naumia sana na hilo. Dawa ambayo mukulima wa kule amekatazwa ju ya watoto wake, huku inauzwa bila etikete, kwa mutu ambaye hakuna agronomu hata mumoja amemufikia.

Sitawaficha pia upande mwingine. Si kila dawa inamupendelea huyu konokono. Dawa za shaba, zile za kuzuia mildiu, ule ugonjwa wa kuozesha majani, kwenye tomati na kwenye viazi, zinamuua kweli, na karne iliyopita Misri walimwaga shaba kwenye mifereji kwa makusudi ya kuua konokono. Dawa zingine hazimuui lakini zinapunguza mayai yake, zinachelewesha kukua. Ndiyo maana mwaka 2016 OECD, shirika la inchi tajiri, iliweka vipimo rasmi vya konokono wa maji, siku 28 wanamuweka kwenye maji yenye dawa wanahesabu anazaa mangapi. Ni kazi nzuri, lakini konokono waliochaguliwa ni wale wanaojulikana kwa maabara za Ulaya, si huyu wa kwetu, na si wale wa Tanganyika nitakaowasemea sasa hivi.

Kijana mumoja pale nyuma amenyosha mukono tangu zamani, najua anataka kuuliza: basi kama shaba inamuua, tumwage shaba, tumumalize? Nilingoja swali hilo. Dawa ya kuua konokono iko, nayo ni niklosamidi, wataalamu wa afya wanaitumia sehemu zingine kwa uangalifu. Lakini inaua na samaki. Na munakumbuka nilisema anazaa peke yake? Ukiua elfu, ukaacha mumoja amejificha kwenye matope, baada ya miezi unaanza tena, na mara hii hakuna samaki, hakuna kaa, hakuna kitu cha kumuzuia. Mukulima mumoja mumoja asijaribu hiyo, nawaomba.

Tutelemuke sasa na maji. Maji ya Kivu yanatoka hapa hapa Bukavu, yanaingia Ruzizi, yanashuka kutoka urefu wa metre 1460 hivi mupaka chini ya 800, yanapita Kamanyola, Luvungi, Sange, yanaokota kila kitu tulichoosha, na mwisho yanamwagika Tanganyika karibu na Uvira. Tanganyika si ziwa la kuchezea. Maji yanayoingia mule yanakaa mamia ya miaka kabla ya kutoka, kwa hiyo uchafu unaoingia leo wajukuu wa wajukuu wetu wataukuta.

Mule kuna konokono ambao hawako popote pengine duniani, makumi ya aina. Kuna mumoja anaitwa Tiphobia, gamba lake lina miiba mirefu pande zote. Kuna Lavigeria, wanakaa kwenye mawe kando ya ziwa, ukienda kuoga Uvira umewaona. Na kuna Neothauma, mukubwa wao. Huyu akikufa gamba lake halipotei, yanakusanyika chini ya ziwa kwa wingi sana, na kuna samaki wadogo ambao maisha yao yote yako mule ndani ya magamba matupu, mama samaki anataga mule, watoto wanakulia mule, mukubwa akija wote wanarudi ndani. Mimi nimelipenda hilo jambo tangu nilisome mara ya kwanza. Konokono anakufa, na nyumba yake inalea familia za samaki.

Sasa linganisheni na yule wa chupa. Hawa wa Tanganyika wanapumua kwa matamvua, hewa yao ni ile iliyo ndani ya maji peke yake, hawawezi kupanda juu kuvuta ingine. Neothauma hatagi ute wa mayai mengi, anazaa watoto walio hai na wachache. Udongo wa milima yetu unaomomonyoka unawafunika, na udongo ule haushuki mutupu, dawa nyingi zinashikamana nao. Maji yakiharibika, yule wa damu nyekundu anavumilia, hawa wanaondoka. Yaani konokono wa pekee duniani anakufa, na muleta ugonjwa anabaki! Nimechagua kusimama mbele yenu ju ya hilo, na ju ya yule mutoto wa bidoni. Mimi siwezi kuyatenganisha.

Tufanye nini?

Nitawapa habari ya Senegal kwanza, ju wale walipita njia yetu kabla yetu. Walijenga barrage ya Diama, ikamalizika mwaka 1986, mashamba ya kumwagilia yakaongezeka, mupunga na miwa, furaha. Miaka miwili tu, mwaka 1988, bilariziozi ya tumbo ikalipuka Richard-Toll, muji wa miwa, pahali ambapo haikuwa inajulikana. Moja ya sababu: kulikuwa na kamba wakubwa wa mutoni wanaokula konokono, na wale lazima washuke mupaka karibu na bahari kuzaa, barrage ikawafungia njia. Watafiti wakarudisha kamba kwenye maji ya kijiji kimoja, konokono wenye ugonjwa wakapungua sana, na mayai ya munyoo kwenye miili ya watu yakapungua karibu nusu ukilinganisha na kijiji cha jirani. Dawa ya hospitali walipewa watu wa pande zote mbili, tofauti ilikuwa kamba tu.

Kamba wale si wa kwetu na sisemi tuwalete, kuleta munyama mugeni kwenye maji yetu kuna hatari zake. Ninachosema ni kwamba sisi kaa wetu tuko nao bado. Hatuhitaji muradi wala muzungu kuwarudisha. Tunahitaji kuacha kuwaua.

Na Senegal hiyo hiyo, juzi juzi, matokeo yalitoka mwaka 2023, waliingia majini pahali watu wanapoteka na kuoga, wakang'oa majani ya majini yaliyokuwa yameota kwa wingi ju ya mbolea inayotoka mashambani, na konokono wengi walikuwa wanaishi mule. Waling'oa kwa mikono, si kwa dawa. Watoto wa vijiji hivyo waliambukizwa tena kidogo kuliko wa vijiji vingine. Na yale majani hawakuyatupa, waliyafanya mbolea ya vitunguu na pilipili, na ingine wakalisha mifugo. Ba mama, munasikia? Mbolea iliyokimbia shamba inarudi shambani bila faranga.

Basi mimi naomba vitu vya kufanyika, si vya kupigiwa makofi. Pompi isioshwe tena kwenye mufereji, hata mara moja, hata kama umechoka. Ichimbwe shimo mbali na maji, juu ya shamba, maji ya kusuuza yarudi kwenye pompi na yapulizwe kwenye mimea ile ile. Ukingo wa mufereji uachwe na majani, hata hatua tatu nne, usilimwe mupaka kwenye maji. Dawa bila etikete tusinunue, na koperative inunue pamoja kwa kopo lililofungwa, kipimo kisomwe na anayejua kusoma kabla ya kugawana. Mutu asipompe ju ni siku ya kupompa, apompe ju ameona wadudu. Majani yenye ugonjwa yang'olewe, tomati zisirudi pahali pale pale kila musimu. Wakati wa kusafisha mufereji, mutu avae buti na asiende saa sita.

Na ya nyumbani haraka haraka: choo kiwe mbali na maji na kila mutu akitumie, maji ya kuogesha mutoto yatekwe yalale kwenye bidoni siku mbili, vile vidudu vinavyopita kwenye ngozi vitakufa vyenyewe, lakini ya kunywa bado yachemushwe. Wakija kutoa prazikanteli kwenye masomo, musiwafiche watoto. Ile dawa inaua minyoo iliyo mwilini leo, haizuii ya kesho, kwa hiyo mutoto akirudi kwenye mufereji ule ule tunaanza upya.

Mama mumoja wa Kabare ameniambia asubuhi, mwalimu, wewe unaongea vizuri lakini tomati zangu zikioza, nani atalipa masomo ya watoto? Mama, neno lako ni la kweli kabisa na sina haki ya kulipita. Sijasema acha dawa yote kesho. Nimesema tenga dawa na maji. Shimo la kuoshea linaomba jembe na nusu siku. Vizibo viwili pahali pa vinne ni feza inabaki kwako.

Musimu C unakuja, mwezi wa sita kila mutu atashuka na kabichi na tomati kwenye mabwawa ju kule juu kumekauka, na pale shamba na maji ni kitu kimoja. Kwa hiyo kila koperative ichague leo watu wawili, mwanamke na mwanaume, wa kusimamia shimo la pompi, na shimo liwe limechimbwa kabla ya mbegu ya kwanza kushuka bwawani. Mwandishi wetu amekaa hapo mulangoni na daftari. Kabla ya kutoka, mumupatie majina mawili na jina la mufereji wenu.